Askari Sabela na aliyemtunga: Mbongeni Ngema kati ya kuigiza na kuongoza

Kama uliwahi kuitazama filamu ya Sarafina! ya mwaka 1992, iwe kwenye banda la video la mtaani au kwa jirani aliyekuwa na deki, basi Sabela unamkumbuka. Ni yule askari mweusi anayewatumikia Makaburu dhidi ya watoto wa mtaani kwake, na mwisho wake wanafunzi wanamchoma moto. Siku niliyoiona mimi, banda zima lilishangilia moto ule. Hakuna aliyemhurumia.

Ilipita miaka mingi kabla sijajua kwamba aliyeivaa sare ile ndiye aliyeitunga hadithi yenyewe. Ndiye aliyetunga nyingi ya zile nyimbo tulizoziimba bila kuyajua maneno, na ndiye aliyeuongoza mchezo jukwaani, Johannesburg na New York, kabla haujawa filamu. Jina lake Mbongeni Ngema. Alizaliwa mwaka 1955 Verulam, karibu na Durban, na alipoitunga tamthilia nzima akajigawia mtu anayechukiwa kuliko wote.

Watu wakiisimulia safari ya msanii wa namna hii huwa wanaipanga kama vyeo vya jeshi: alianza mwigizaji, akapanda, akawa mwongozaji (mwelekezi, wangesema ndugu zetu wa Kenya). Kwa wengine ndivyo ilivyokuwa. Kwa Ngema mpangilio huo unapotosha, na ili kuona unapotoshea wapi, inabidi kwanza tufumue kazi zenyewe, maana tamthilia ya muziki ni kama jahazi: anayeonekana ni mmoja kwenye usukani, lakini tanga, kamba na kina vina watu wake.

Huko Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za New York, kazi zimegawanywa kwa wivu. Kuna anayeandika hadithi na mazungumzo. Kuna anayetunga muziki, na mara nyingi mwingine anayeandika maneno ya nyimbo. Kuna mtunzi wa dansi, kuna kiongozi wa muziki anayewafundisha sauti na kusimama mbele ya bendi. Kuna mtayarishaji, mwenye kutafuta fedha na mwenye kuzipoteza. Juu ya wote yuko mwongozaji, na ukimwuliza anafanya nini hasa, wengi watakwambia anawaonyesha waigizaji mahali pa kusimama. Hilo ndilo dogo kuliko yote.

Kazi ngumu ya mwongozaji wa tamthilia ya muziki ipo kwenye mshono. Mtu anaongea, halafu ghafla anaimba. Mshono huo ukifumuka, hadhira inacheka mahali ambapo ilitakiwa kulia. Mwongozaji ndiye anayeamua pumzi ya mwisho ya mazungumzo iishie wapi ili noti ya kwanza isimshtue mtu. Ndiye anayekumbuka kwamba binti hawezi kupanda ngazi mbio, akaruka mara tatu, kisha akashika sauti ndefu ya juu bila kutetemeka. Aliyewahi kuimba huku anahema analijua hilo kwa mbavu zake, na hapo ndipo waigizaji wanaogeuka kuwa waongozaji wanapowazidi waliotoka kwenye vitabu.

Kuna sababu nyingine ya kuhama, na wasanii hawaisemi sana kwenye mahojiano: fedha na magoti. Mwigizaji wa Broadway hupanda jukwaani mara 8 kwa wiki na hulipwa kwa wiki. Akiacha, malipo yameishia hapo. Mwongozaji hulipwa ada ya kazi, na kwa kawaida hupata pia sehemu ya mapato kwa muda wote mchezo unapoendelea, hata akiwa amelala nyumbani. Mtunzi naye hulipwa kila mchezo wake unapopandishwa kihalali. Mwili una umri, lakini haki za utunzi hazichoki magoti.

Wapo waliopita ngazi hiyo vizuri sana. Bob Fosse wa Marekani alianza kama mcheza dansi mwenye ndoto za kuwa nyota wa filamu. Nyota hakuwa, lakini mabega yake yaliyoinama na kofia yake vikageuka mtindo wa dansi ambao mpaka leo unautambua kwa sekunde 5. Mwaka 1973 akashinda tuzo za Oscar (ya filamu), Tony (ya maigizo ya Broadway) na Emmy (ya televisheni) ndani ya mwaka mmoja, zote kwa kuongoza. Jerry Zaks naye alikuwa mwigizaji, akacheza Grease, kisha akageuka mwongozaji. Mkumbukeni Zaks, tutakutana naye tena.

Sasa tuhamie Afrika Kusini ya miaka ya 1970, tuone ngazi hiyo ingesimama wapi.

Haikuwa na pa kusimama. Sheria za ubaguzi ziliwatenga watu weusi na kumbi rasmi za maigizo, kama watazamaji na kama wasanii. Kijana wa KwaMashu, mtaa wa weusi huko Durban, au wa Soweto, Johannesburg, hakuwa na chuo cha maigizo cha kumpokea. Kilichokuwepo ni mtu mmoja mwenye basi: Gibson Kente.

Kente alizaliwa mwaka 1932, akaenda Johannesburg kusomea ustawi wa jamii, akaishia kuwa baba wa maigizo ya mitaa ya Waafrika. Tangu Manana, the Jazz Prophet ya mwaka 1963, aliandika mchezo yeye, akatunga nyimbo yeye, akachagua waigizaji yeye, akawafundisha kucheza, akawaongoza, akawalipa, akawazungusha nchi nzima. Kumbi zenyewe zilikuwa za jumuiya, zile za harusi na mikutano. Watoto wanalia, watu wanajibizana na jukwaa, vipaza sauti hakuna. Uigizaji wa kunong'ona ungepotelea mstari wa pili. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kikubwa: mkono ukinyanyuka unanyanyuka wote, kilio kinasikika mpaka kituo cha basi.

Msomaji wa Dar aliyewahi kulipa kiingilio kuitazama Muungano au TOT, akapewa ngoma, taarab, maigizo na vichekesho usiku mmoja, ataelewa haraka. Kwenye vikundi vile nako ungemkuta mtu anaimba sasa hivi, baada ya nusu saa anaigiza mlevi, na kesho asubuhi ndiye anayewasimamia wenzake mazoezini. Hakuna aliyeuliza cheo chake ni kipi.

Ngema aliingia kwenye ulimwengu huu kwa mlango wa gitaa. Alipiga muziki wa kusindikiza mchezo, na kutoka kwenye gitaa akaingia kuigiza, mpaka akafika kwa Kente mwenyewe katika Mama and the Load. Humo alikutana na Percy Mtwa, mwimbaji na mcheza dansi. Wakiwa safarini na kikundi wakawa wanasoma: Jerzy Grotowski wa Poland, aliyehubiri maigizo yasiyo na mapambo, na Peter Brook wa Uingereza, aliyeandika juu ya jukwaa tupu. Kuna ucheshi hapo, kama ukiuona. Wazungu wale walikuwa wanachagua umaskini wa jukwaa kama falsafa, na vijana hawa walikuwa nao tayari bila kuuchagua. Walichopata vitabuni ni ruhusa ya kuuona kama silaha.

Wakaanza kujiuliza swali moja: Yesu akirudi, akashukia Afrika Kusini ya Makaburu, itakuwaje? Wakamwacha Kente, wakafanya mazoezi bila fedha, kisha wakampelekea kazi yao Barney Simon wa Market Theatre. Hapa pana jambo la kueleza. Market Theatre ilifunguliwa mwaka 1976, mwaka uleule wa maandamano ya wanafunzi wa Soweto, ndani ya jengo lililokuwa soko la matunda la Wahindi mjini Johannesburg, na tangu mwanzo ilipokea watu wa rangi zote ingawa sheria ilikataa. Simon, mmoja wa waanzilishi wake, alikuwa na namna yake ya kuongoza: aliwatuma waigizaji mitaani wakawatazame watu, warudi na walichokiona, wakiigize, na maandishi yatokane na hapo.

Fikiria maana yake. Mwigizaji anayetengeneza tukio papo hapo ndiye anayeamua nani aingie, anasema nini, na ananyamaza wakati gani. Tayari anaandika, na nusu ya kuongoza ameshaianza. Woza Albert! ilipotoka mwaka 1981, majina matatu yaliandikwa kama watunzi: Mtwa, Ngema na Simon. Wanaume wawili jukwaani, masanduku, nguo chache za kubadilisha, na pua za bandia za rangi ya waridi zilizoning'inia shingoni. Wakitaka kuwa mzungu, wanazivuta puani. Kwa dakika chache walikuwa polisi, wafungwa, vibarua wa kiwanda cha matofali, kinyozi, treni. Yesu wao anafungwa Robben Island. Mwishoni wanakwenda makaburini kumwita Albert Luthuli, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1960, ainuke. Woza, njoo. Mchezo ulizunguka Ulaya na Marekani na kurudi na tuzo nyingi.

Kwa hiyo ukiniuliza Ngema alivuka lini kutoka kuigiza kwenda kuongoza, nitakujibu kwamba hapakuwa na mto wa kuvuka. Aliyefundishwa na Kente kuwa sehemu ya kila kitu, na na Simon kutunga kwa mwili kabla ya kalamu, alikuwa mwongozaji siku nyingi kabla jina halijamfikia.

Jina lilimfikia na Asinamali!, aliyoiandika na kuiongoza chini ya kikundi chake, Committed Artists. Msomaji wa Kiswahili halazimiki kutafsiriwa. Kizulu na Kiswahili ni ndugu, na neno “mali” linajitambulisha lenyewe. Hatuna fedha. Ilikuwa kauli ya wapangaji wa Lamontville, Durban, waliogomea kupandishiwa kodi mwaka 1983. Ngema akawaweka wanaume 5 gerezani, kila mmoja na kosa lake, wakasimulie walivyofika humo. Hana vyombo vya muziki, hana mandhari. Midundo yote inatoka kwenye viganja, miguu na koo za watu 5. Mwaka 1986 ilikuwa miongoni mwa michezo iliyopelekwa Lincoln Center, kituo kikubwa cha sanaa cha New York, kwenye tamasha la Woza Afrika! ambalo Duma Ndlovu, Mwafrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, alilipigania. Mwaka uliofuata ikaingia Broadway, na Ngema akapendekezwa kuwania tuzo ya Tony ya uongozaji bora wa mchezo.

Kwa maoni yangu Asinamali! ndiyo kazi yake safi kuliko zote, ingawa Sarafina! ndiyo iliyompa jina.

Kwa Sarafina! alifanya jambo ambalo Broadway isingeweza kulilipia hata ingetaka. Aliwakusanya vijana wa mitaani zaidi ya 20, wengi hawajawahi kukanyaga jukwaa la kulipwa, akaishi nao na kuwafundisha kwa miezi: sauti, pumzi, dansi, na namna ya kusimulia yaliyowapata. Leleti Khumalo, binti wa KwaMashu, alitoka kwenye kikundi cha dansi cha vijana cha Tu Nokwe. Alipoanza kuwa Sarafina jukwaani alikuwa na miaka 17. Hadithi inatokea shule ya sekondari ya Morris Isaacson, Soweto, shule ya kweli iliyokuwa kwenye kitovu cha maandamano ya Juni 16, 1976, na wanafunzi wanaandaa igizo la kufunga shule kuhusu Mandela, ambaye wakati huo alikuwa bado gerezani.

Hao wanafunzi, kwa njia, baadhi yao tuliwapokea sisi. Vijana waliokimbia baada ya 1976 ndio sababu kubwa ya ANC kujenga shule ya Solomon Mahlangu pale Mazimbu, Morogoro. Sarafina wa kweli huenda aliwahi kununua nyanya Morogoro sokoni.

Kwenye muziki Ngema alishirikiana na Hugh Masekela, mpiga tarumbeta aliyeondoka nchini mwaka 1960, baada ya kupiga kwenye King Kong, tamthilia kubwa ya muziki ya mwaka 1959 iliyompandisha Miriam Makeba. Mtindo ulikuwa mbaqanga, muziki wa mitaani: besi ya gitaa inatembea mbele, vinanda na matarumbeta yanajibu, sauti zinaitikia. Na hapa ule mshono niliousema unashonwa kwa namna nyingine kabisa. Kwenye tamthilia za Marekani mtu huimba kwa sababu maneno matupu hayamtoshi tena, na mwongozaji anahangaika kutufanya tuamini. Soweto ya miaka ile watu waliimba mazishini, waliimba wakiwakabili polisi, waliimba wakipelekwa mahakamani. Kundi la wanafunzi likianza kuimba mbele ya bunduki, hakuna wa kumshawishi. Ngema hakuwa na mshono wa kuficha. Alichohitaji ni kuliendesha kundi lile kama mwili mmoja wenye miguu arobaini, kisha amtoe binti mmoja ndani yake wakati tunapohitaji kuona uso.

Ilianza Market Theatre katikati ya mwaka 1987, ikafika Lincoln Center mwaka huohuo, na Januari 1988 ikahamia Cort Theatre, Broadway. Ilikaa hadi Julai 2, 1989: maonyesho 597. Ilipendekezwa kwa tuzo 5 za Tony, na 3 kati ya hizo zilikuwa na jina la Ngema mwenyewe: muziki pamoja na Masekela, dansi pamoja na Ndaba Mhlongo, na uongozaji. Kwenye uongozaji alipambanishwa na Jerry Zaks wetu wa Anything Goes, na Harold Prince wa The Phantom of the Opera. Akashinda Prince. Lakini itazame orodha ile: mtu mmoja kwenye kazi 3 ambazo mtaa ule huwapa watu 3 tofauti. Wamarekani waliona maajabu. Kente angeona Jumatatu ya kawaida.

Sarafina! ingekuwa mwisho, hadithi ingekuwa tamu. Haikuwa mwisho.

Ubaguzi wa kisheria ulipoondoka, mtindo wa mtu mmoja kushika kila kitu ulibaki, na sasa ukakutana na fedha za serikali. Mwishoni mwa 1995 Wizara ya Afya ya Afrika Kusini, chini ya waziri Nkosazana Dlamini-Zuma, ilimpa Ngema mkataba wa zaidi ya randi milioni 14 atengeneze Sarafina II, tamthilia ya kuwaelimisha vijana kuhusu UKIMWI. Kelele zikaanza. Mashirika yaliyokuwa yakipambana na ugonjwa huo yalisema ujumbe wenyewe umevurugika. Ofisi ya Mlinzi wa Umma ikachunguza, na ripoti yake ya mwaka 1996 ikaukosoa utaratibu wa zabuni na matumizi. Mchezo ukasimamishwa.

Wengi wameliandika jambo hili kama kisa cha rushwa au cha siasa, na upande huo nawaachia wao. Mimi naliona pia kama jambo la ufundi. Ule mgawanyo wa kazi wa Broadway, unaoonekana wa urasimu na wivu, una faida moja: mwongozaji anaposema “kata ukurasa huu,” anamwambia mwandishi ambaye si yeye. Mtayarishaji anaposema fedha zimeisha, anamwambia mwongozaji ambaye si yeye. Kwenye Woza Albert! Ngema alikuwa na Mtwa na Simon wa kumkatalia. Kwenye Sarafina! alikuwa na Masekela. Palipokosekana wa kumkatalia, hapakuwa na wa kumwambia kwamba somo la afya si wimbo wa mapambano, na kwamba mbele ya virusi kundi linaloimba halina adui wa kumkabili macho kwa macho. Na silisemi hili la kukosa wa kukukatalia kwa tamthilia hiyo peke yake. Mwaka 2002 alitoa wimbo AmaNdiya, uliowalaumu Waafrika Kusini wenye asili ya India kwa maneno makali kiasi kwamba chombo cha kusikiliza malalamiko ya utangazaji kiliuhukumu kuwa wa chuki, na Mandela mwenyewe akamtaka aombe radhi.

Alifariki Desemba 27, 2023, kwa ajali ya gari karibu na Mbizana, akirudi kutoka mazishini. Alikuwa na miaka 68.

Michezo yake bado inapandishwa, Nairobi pia imewahi kuipandisha Sarafina!. Anayeishika leo hupata maneno na nyimbo, lakini ule mwendo, namna kundi linavyogeuka bega moja baada ya jingine, haukuandikwa ukatosha. Unapatikana kwa waliokuwemo, au kwa kuirudisha nyuma kanda mpaka ichoke. Leleti Khumalo ni mmoja wa waliokuwemo. Baada ya Sarafina! aliigiza Yesterday na Hotel Rwanda, zote za mwaka 2004, na mwaka 2018 akawa kwenye tamthilia ya TV ya Imbewu, iliyotengenezwa Durban, akiigiza na pia akiwa miongoni mwa watayarishaji. Wenzake wawili katika kuianzisha walikuwa Anant Singh, aliyeitayarisha ile filamu ya 1992, na Duma Ndlovu, yuleyule wa tamasha la New York.